UZI: Wakimbizi walipoingia Kigoma na Kagera, nani alipata na nani alilipa? Tuliokuwepo tuongee

MtotoWaMakere (mleta mada)

Wakuu habari za jioni.

Kuna uzi ulipita humu wiki iliyopita, watu wanabishana kuhusu wakimbizi. Mmoja anasema wametuharibia mikoa ya magharibi, mwingine anasema bila wao Kasulu isingekuwa mji. Nimesoma mpaka ukurasa wa mwisho, sijaona hata mmoja aliyewahi kuishi karibu na kambi. Wote wanaongelea Kigoma kama vile ni mtu mmoja mwenye mfuko mmoja. Sasa naomba tuliokuwepo tuongee.

Mimi nimekulia Kasulu, upande wa Makere. Kambi ya Nyarugusu inafunguliwa mwishoni mwa 1996 kwa ajili ya Wakongo waliovuka ziwa, nilikuwa darasa la tatu. Warundi walikuwa kambi ya Mtabila na kwingine.

Nianze na nyumbani kwetu. Mzee alikuwa na ardhi kubwa kuliko nguvu zake. Mihogo, maharage, migomba kule bondeni. Tulikuwa tunalima tunachoweza na kingine kinabaki pori. Wakimbizi walipoanza kutoka alfajiri kutafuta kibarua, mzee akapata watu. Na Mrundi ni mkulima bwana, tusidanganyane. Mpe jembe saa kumi na mbili, kufika saa nne shamba limebadilika rangi. Malipo yenyewe hayakuwa ya kutisha, siku nyingine ni mihogo au mkungu wa ndizi tu, maana kambini walikuwa wanakula mahindi ya mgao mpaka yanawatoka puani. Misimu mitatu, mzee akaezeka bati. Nyumba ile ipo mpaka leo.

Ng'ambo ya njia alikuwepo mama mmoja mjane. Hakuwa na shamba la maana, aliishi kwa kulima mashamba ya watu, likiwemo letu. Alipokuja mtu anayekubali nusu ya malipo yake, kazi ikamwishia. Siku moja alikuja kwa mzee kuomba palizi. Mzee akamwambia, siku hizi malipo ni haya. Nilikuwepo, nimekaa kwenye kizingiti namenya mihogo. Yule mama hakujibu kitu. Akaliweka jembe begani akavuka njia akarudi kwake, na hakulima tena kwetu. Wanawe wawili nilikuwa nasoma nao. Mmoja aliacha shule mwaka ule ule.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kama wakimbizi walitufaa au walituumiza, namuuliza kwanza anaongelea nyumba ipi, maana hizo mbili zinatazamana.

Nawasilisha. Ngara, Kibondo, Kakonko, Ulyankulu, karibuni. Watu wa Dar kaeni msikilize kwanza.

KahawaTungu

Nimekaa paleee na kashata zangu.

Rusumo_Road

Mleta mada umenigusa. Mimi ni wa Ngara, na nyie wa Kasulu mlipokea kidogo kidogo. Sisi tulimwagiwa.

Tarehe 28 Aprili 1994 nilikuwa kijana wa kubeba mizigo. Tulianza kuona Wanyarwanda wanakuja kutoka daraja la Rusumo, pale mpakani. Tukadhani ni mia, wakawa elfu, ikafika jioni msururu haujakatika, usiku haujakatika. Ndani ya siku moja hivi waliingia watu zaidi ya laki mbili. Laki mbili, wakuu! Wamebeba magodoro, mbuzi, masufuria, wazee mgongoni. Walipoelekezwa, palipokuja kuwa kambi ya Benaco, palikuwa pori, wiki mbili baadaye ni mji mkubwa kuliko mji wowote mkoani Kagera. Wilaya ya Ngara wageni wakawa wengi kuliko wenyeji.

Mtu wa kwanza kuumia ulikuwa mti. Kila jiko linataka kuni, kila kibanda kinataka fito. Vilima nilivyochungia mbuzi vikabaki kipara. Mama zetu waliokuwa wanaokota kuni nyuma ya nyumba wakaanza kutembea nusu siku. Halafu maji. Halafu mashamba, maana mtu akilala njaa mkungu wa jirani haulali.

Lakini nisiwe mwizi wa fadhila. Mwaka ule ule pesa ililetwa Ngara na malori. Mashirika yalitaka madereva, walinzi, wapishi, wakalimani. Mimi mwenyewe mbeba mizigo nikawa karani wa stoo kwa sababu tu nilijua kuandika vizuri na kusikia Kinyarwanda. Mshahara wangu wa kwanza mwalimu wangu wa shule ya msingi aliutazama akacheka, halafu hakucheka tena. Baada ya miezi miwili naye akaacha chaki akaja kuwa msimamizi wa ghala. Manesi wa serikali walikimbilia zahanati za kambini. Kwa hiyo kambini kuna nesi wa kutosha, kijijini dirisha la dawa limefungwa. Hilo watu hawalisemi.

Nyumba za kupanga Ngara mjini zikapanda mpaka mtumishi wa kawaida akahamia vichochoroni. Aliyekuwa na vyumba vinne vya udongo alivipiga lipu haraka haraka akapangisha wazungu.

Halafu Desemba 1996 serikali ikatangaza Wanyarwanda wawe wamerudi kwao ifikapo mwisho wa mwaka. Wakaondoka kwa mguu, barabara ile ile. Januari unapita Benaco unasikia upepo tu. Waliokopa wakajenga gesti za vyumba ishirini, wateja wao ndio hao wameondoka. Mimi karani nikarudi kubeba mizigo, ila sasa mizigo yenyewe haipo.

MzalendoHalisi

Story nzuri lakini mnazunguka mbuyu. Ujambazi je? Silaha je? Barabara ya Kibondo mabasi yalikuwa yanasindikizwa na polisi kwa sababu ya nani? Ukarimu wa kijinga huu. Nchi nyingine hazifanyi hivi. Kila mtu abaki kwao.

MtotoWaMakere

Mkuu Mzalendo, ujambazi ulikuwepo, nakubali kwa mikono miwili. Nimepanda basi hilo la kusindikizwa, askari mbele na askari nyuma, abiria wote kimya kama msibani. Silaha zilivuka mpaka. Ila waliokuwa wanatekwa wa kwanza ni wakimbizi wenyewe, na wanawake wao waliokuwa wanaenda kuni porini wanajua kilichokuwa kinawapata huko. Na kwenye magenge mengine kulikuwa na vijana wetu wanaoonyesha njia. Mrundi mgeni angejuaje kona ipi gari linapunguza mwendo?

MchumiWaMtaani

Niongezee kitu kutoka upande wa vitabu, bila kuwachosha.

Kagera ina bahati ya ajabu kwa watafiti. Utafiti wa kaya unaoitwa KHDS ulianza 1991, kabla watu hawajavuka, halafu watafiti wakawatafuta wale wale mwaka 2004 na tena 2010. Kwa hiyo kuna picha ya kabla na picha ya baada, kitu ambacho sehemu nyingi duniani hakipo.

Na kilichoonekana ni hadithi ya mleta mada neno kwa neno. Mwenye shamba alinufaika: nguvu kazi rahisi na soko mlangoni. Kibarua wa kilimo aliumia kwa sababu alishindana na mtu ambaye chakula chake kimeshaletwa na lori la WFP, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, hivyo anaweza kukubali ujira mdogo. Fikiria vizuri hapo. Yule mjane hakushindwa uvivu wala uhodari. Alishindana na mtu ambaye ugali wake umelipiwa tayari, na yeye ugali wake ndio huo ujira.

Bei nazo hazikupanda sawa. Vyakula ambavyo havikuwemo kwenye mgao, hasa ndizi za kupika, vilipanda sana. Vile vilivyokuwa vinagawiwa kambini, kupanda kwake kulikuwa kwa wastani, maana sehemu ya mgao ilikuwa inarudi sokoni. Anayelima ndizi anashangilia, anayenunua ndizi mjini analia. Kaya za vijijini karibu na kambi zilionekana kuinuka kwa mali, za mjini zikashuka.

Watoto wadogo ndio habari mbaya. Maeneo yaliyopokea watu wengi, afya ya watoto wa wenyeji ilishuka, hata kimo chao. Magonjwa ya msongamano hayaombi kibali cha kutoka kambini.

Halafu faida iliyobaki miaka mingi baada ya wakimbizi kuondoka haikuwa ya mashirika wala ya misaada yenyewe. Ilikuwa barabara. Zilitengenezwa ili malori ya chakula yapite, wageni wakarudi kwao, barabara zikabaki, na usafirishaji ukabaki rahisi.

Rusumo_Road

Hapo kwenye barabara umepiga ndipo. Na visima. Kisima tunachochota nyumbani kwetu mpaka leo kilichimbwa wakati ule.

SombeNaMawese

Wanaume mnaongea barabara na takwimu, hebu niwaambie la sokoni.

Mimi natokea vijiji vya karibu na kambi ya Nduta, Kibondo. Wengine wanasema wakimbizi waliletewa kila kitu bure. Walikuwa wanaletewa mahindi, maharage, mafuta, chumvi, uji wa lishe wa watoto. Sasa wewe kula hivyo mwaka mzima, bila nyanya, bila sombe (kisamvu), bila dagaa. Ndipo tulipoingia sisi akina mama. Nabeba mihogo na dagaa wa Kigoma naenda soko la pamoja la wakimbizi na wenyeji, narudi na mafuta ya kambini na mahindi, nayauza kijijini kwa bei ambayo dukani huipati. Wao wamepata kitoweo, mimi nimepata mtaji, na jirani yangu asiye na kitu amepata mafuta ya bei rahisi.

Nilianza na beseni moja. Nikafikia meza mbili na kijana wa kunisaidia. Mwanangu wa kwanza amesoma kwa soko lile, sioni aibu kusema.

Kuanzia 2018 masharti yakakaza. Masoko ya pamoja yakaanza kufungwa. Mkimbizi haruhusiwi kutoka zaidi ya kilomita nne bila kibali, na sasa hata sisi kumfuata ikawa kosa. Waliofunga walisema ni usalama. Sawa, sijui mambo ya usalama. Ninachojua ni kwamba nyanya zangu zilioza ndani ya nyumba wiki ya kwanza, na hakuna kiongozi aliyekuja kuniuliza mimi Mtanzania nitakula nini. Watu wakahamia biashara ya usiku, njia za porini. Mwenye nguvu za kukimbia akaendelea, mimi mwenye goti bovu nikaacha.

Mzalendo, unaposema kila mtu abaki kwao, mimi nilikuwa kwetu.

KahawaTungu

Dada umemmaliza 😂 kashata zimeisha nakimbilia kununua nyingine.

MzalendoHalisi

Hajanimaliza. Nimesema usalama kwanza biashara baadaye. Lakini poleni na goti.

MwanaFizi97

Habari zenu ndugu. Nimesoma uzi wote kimya, sasa naomba na sisi tunaojadiliwa tuseme kidogo.

Mimi nimezaliwa Nyarugusu. Wazazi walitoka Fizi. Kongo naijua kwa hadithi za baba na kwa nyimbo. Tanzania naijua mpaka kilomita nne. Kiswahili mnachokisoma hapa nimefundishwa na redio na wateja wa kinyozi, maana ndiyo kazi yangu.

Yule mama mjane aliyesemwa juu amenikaa kichwani. Baba yangu ni mmoja wa waliokuwa wanalima mashamba ya Makere. Alikuwa anatoka giza halijaisha ili asikutane na askari. Hakujua kama kuna mtu anamnyang'anya. Alichojua ni kwamba mgao wa mwezi umekatwa na tuko saba. Kuna siku alilima siku nzima, jioni mwenye shamba akamwambia ondoka au nakuitia polisi. Angelalamika wapi? Ujira wake ulikuwa mdogo kwa sababu hana haki ya kuwa pale. Angekuwa na kibali cha kufanya kazi, angedai ujira kama wa yule mama, na yule mama asingefukuzwa.

Na 2015 Warundi wengi walipokuja, kambi yetu iliyojengwa kwa watu elfu hamsini hivi ikapita laki moja na nusu. Sisi Wakongo wenyewe tukaanza kusema kama Mzalendo: "hawa wageni wamejaza foleni ya maji." Nacheka nikikumbuka. Mkimbizi wa miaka kumi na tisa anamwita mwenzake mgeni.

MtotoWaMakere

Ndugu MwanaFizi, karibu sana. Sikuwa nimefikiri kwamba baba yako na mzee wangu huenda wanajuana.

MwanaFizi97

Huenda. Alikuwa anasema kuna mzee mmoja mwenye migomba bondeni, huyo alikuwa analipa kidogo lakini analipa.

TumbakuNyekundu

Niko Ulyankulu, Tabora. Nyumbani kwetu historia ni ya zamani kuliko hizo zote. Babu aliingia 1972, Burundi inawaka. Waliwekwa makazi matatu: Ulyankulu huku, Katumba na Mishamo kule iliyo Katavi siku hizi. Hawakuwekwa kwenye hema wakasubiri lori. Walipewa ardhi porini, mbung'o na simba ndio majirani, wakaambiwa limeni. Baada ya miaka kadhaa chakula cha msaada kikakoma kwa sababu hakikuhitajika tena. Mahindi na maharage yetu yalilisha watu wa nje ya makazi, na tumbaku tukauza kupitia vyama vya msingi kama mkulima mwingine yeyote wa Tabora, tukikatwa makato yale yale.

Mwaka 2007 tukaulizwa, mnarudi au mnabaki? Karibu wanne kati ya kila watano walichagua uraia. Halafu tukakaa miaka tunasubiri, kwanza tukaambiwa tutawanyishwe mikoa mingine, tusijenge, tusipande miti. Unajua hasara ya kumwambia mkulima asipande? Nyumba ziliachwa bila kukarabatiwa, makanisa yalibaki nusu ukuta. Vyeti vikaanza kutolewa Oktoba 2014, watu zaidi ya 162,000.

Kwa hiyo mchumi wetu hapo juu, ongeza na hili kwenye vitabu vyako. Mtu yule yule, Mrundi yule yule, ukimfungia kilomita nne anakuwa kibarua wa kushusha ujira. Ukimpa ardhi anakuwa mkulima anayeajiri. Mimi msimu uliopita nimeajiri Wasukuma wawili na Mnyamwezi mmoja kwenye bani la kukaushia tumbaku, na wanajua kunidai kweli kweli.

MuhaKamili

Wote mmeongea vizuri ila mmesahau sisi tuliolipa bila hata kuajiri wala kuajiriwa.

Mimi ni Muha wa Buhigwe, babu wa babu yangu amezikwa huko. Kiha na Kirundi vinasikilizana, hata majina yetu yanafanana. Kabla ya makambi hilo lilikuwa raha tu, unavuka mpaka kwenda harusini unarudi. Baada ya makambi, kila Muha akawa mtuhumiwa. Nimeshushwa kwenye basi mara nyingi kuliko nilivyopanda kwa amani. "Wewe unatoka wapi? Taja mtendaji wa kijiji chenu. Imba wimbo wa taifa." Nimeimba wimbo wa taifa kandokando ya barabara na begi mkononi, ubeti wa kwanza na wa pili, abiria wananiangalia dirishani. Ofisi moja nilikwenda kufuatilia karatasi zangu, nikaambiwa nilete cheti cha kuzaliwa cha bibi. Bibi aliyezaliwa chini ya mgomba, nikamtolee wapi cheti?

Na 2013 Operesheni Kimbunga, ile ya kuwaondoa wahamiaji haramu, ilipopita Kagera, Kigoma na Geita, kuna familia zilivunjika. Mwanamke ameolewa miaka ishirini, ana watoto sita, anaambiwa vuka. Mume Mtanzania, watoto sijui ni nani. Ng'ombe zilibaki zizini hazina mchungaji, kuna watu walizinunua kwa bei ya mbuzi. Hao nao waandikeni kwenye orodha ya walionufaika.

Ukiniuliza mimi, ndizi kupanda bei nilisamehe zamani. Kuimbishwa wimbo wa taifa sijasamehe.

MzalendoHalisi

Mkuu MuhaKamili, hapo umenifunga mdomo kidogo. Mke wangu ni wa Kibondo. Tukisafiri huwa namwambia akae kimya polisi wakiingia, mimi nijibu. Sikuwahi kufikiri kwa nini nafanya hivyo.

SombeNaMawese

Eeh! Mzalendo kumbe shemeji yetu. Karibu Kibondo, mahari umemaliza?

MzalendoHalisi

Tuishie hapo.

KahawaTungu

😂😂😂 shemeji wa taifa.

MtotoWaMakere

Wakuu, jana usiku baada ya kusoma ya MwanaFizi nilimpigia mzee simu. Ana miaka themanini sasa, masikio yanasikia anachotaka. Nikamuuliza kuhusu Mkongo aliyekuwa analima bondeni, akasema walikuwa wengi, ila mmoja alikuwa anaimba huku analima, huyo anamkumbuka.

Nikamuuliza na kuhusu yule mama. Akanyamaza muda mrefu mpaka nikadhani salio limeisha. Akasema mama yule baadaye aliuza sombe kambini, akapata nafuu, akafariki 2011, na kwamba yeye mzee ndiye aliyetoa mbao za jeneza. Nikamwambia, baba, lakini ule ujira uliomtajia siku ile ulikuwa mdogo.

Akaniambia, "Na wewe ada yako ya sekondari, unadhani ilitoka wapi?"

Akakata simu. Bando langu nalo linaisha, walioko Kakonko na Karagwe endeleeni, nitasoma asubuhi.